Hesabu ya Saa Tisa

Saa tisa usiku moto wa samadi umelala,
na mawazo ndipo huamka.
Hayabishi hodi.
Huingia kwa tundu la bomba pamoja na baridi,
huketi upande wa wageni
kana kwamba nimeyaandalia chai.

Wa kwanza ni yule wa Oktoba:
Ungehama mapema, Norjmaa.
Wenzako walinusa theluji wakafunga mizigo,
wewe ulikuwa unangoja nini?
Wa pili ana kalamu. Huyu simpendi kabisa.
Anajua deni la benki hadi tugriki ya mwisho,
anajua mbuzi mia mbili na kumi na saba
waliokwangua barafu kwa kwato hadi kwato zikatoa damu,
kisha wakalala nyuma ya ua, wameegemeana, macho wazi.
Wa tatu hasemi. Ananitazama tu
kama mtu mwenye habari ambayo bado hujaambiwa.

Mwanzoni nilipigana nao.
Tokeni, nikasema, nikajifunika manyoya hadi utosini,
wakanifuata humo humo.
Wazo ukilisukuma mlangoni linaota mabega.
Kisha nikajaribu kuwatii:
nikakaa kitako nikahesabu nao, mzoga kwa mzoga,
asubuhi ikanikuta na chai iliyoganda kikombeni
na wanyama waliosalia wakilia njaa ya kweli.

Arobaini na mmoja. Hao ndio waliosalia.

Dashzeveg yuko mjini anabeba matofali.
Jumapili hupiga simu, husema, "Tutaanza upya,"
kwa sauti ya mtu anayesoma kibao cha barabarani.
Simlaumu. Naye ana saa tisa yake.

Mwezi wa tatu kondoo jike mmoja,
yule mwenye sikio lililochanika,
alizaa akamkataa mwanawe.
Alimnusa, akageuka, akampiga kichwa.
Uchovu nao una pembe.
Nikamfunga kwenye kigingi ndani ya hema,
nikapiga magoti juu ya sufu,
nikamwimbia kama mama alivyokuwa akiwaimbia:
toig, toig, toig,
neno lisilobishana na mtu,
neno ambalo kazi yake ni kurudiwa.
Sikumwambia, mbona wenzako wananyonyesha.
Sikumwambia, shukuru, wewe angalau u hai.
Toig. Mkono shingoni. Toig.
Upepo ukaipiga hema makofi, bomba likakohoa.

Usiku wa kwanza hakutaka.
Usiku wa pili sijui ilikuwa saa ngapi
nilipogundua kwamba wale watatu wameshaketi,
na mimi sijaacha kuimba.
Wa Oktoba akaanza: Ungeha...
"Labda," nikasema. "Toig."
Wa kalamu akafungua daftari.
"Benki hufunguliwa mchana. Njoo mchana. Toig."
Wa tatu nikamsogezea kikombe,
na kwa mwanga wa jiko nikamwona vizuri mara ya kwanza:
alikuwa anatetemeka.
Miezi yote ile nilidhani ananihukumu,
kumbe ana baridi.

Hawakuondoka. Usinielewe vibaya.
Mwenye kalamu hata alikohoa kuniharibia wimbo.
Ila karibu na alfajiri yule mwanakondoo
alijipenyeza, akashika chuchu,
na mkia wake ukashikwa na wazimu.
Mama yake akatazama pembeni,
kama mtu anayelipa deni kwa kinyongo.
Lakini alisimama.
Alisimama mpaka mtoto akashiba.

Nilichemsha chai, nikatia chumvi,
nikatoka na mwiko, nikairusha ya kwanza juu
kama ilivyo desturi, bila kuomba kitu.
Pua iliniuma kwa baridi.
Nikahesabu: arobaini na wawili.
Nikarudia, maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi.
Arobaini na wawili.

Leo usiku watakuja tena.
Nimesogeza samadi kavu karibu na jiko,
na upande wa wageni
nimetandika ngozi moja, ya yule anayetetemeka.
Wale wengine wawili watajua pa kukaa.