Karantini

Leo Aivo wa kompyuta katugawia nywila,
nasi wa maktaba, hapa Tartu, tuchungulie
barua taka zilizozuiwa mlangoni.

Zangu mia nne na tatu.
Wajane wenye dhahabu, vidonge vya nguvu,
benki nisikoweka hata senti
ikinisihi nithibitishe akaunti.

Na Ülo.
Kaka yangu, kutoka Hobart,
kichwa cha barua: PESA!
Anataka kulipa deni la mwaka tisini na nane
na anauliza kama mama bado anakohoa.

Mama tulimzika Jumanne.

Kichujio sikilaumu:
anwani ngeni, herufi kubwa, deni.
Ningekuwa bawabu, ningemfungia pia.
Nilishamfungia.

Zimesalia siku mbili ifutwe.
Nabofya "Achilia".
Inapanda kikashani, juu kabisa,
kwa wino mzito: mpya.