Vidole Stesheni

Kila honi ya treni ikilia pale stesheni ya Tabora
naacha kupima asali,
nahesabu vidole.
Vitano. Nasoma tiketi ya abiria, naangalia pembeni,
naisoma tena: Mpanda, behewa la tatu.
Haijabadilika. Basi niko macho.

Nyamizi wa karanga ananicheka:
"Kwani jana ulikuwa na vingapi?"

Mwezi wa pili sasa. Vitano, vitano,
nta imeganda kwenye kucha.

Usiku wa kuamkia leo honi ikalia.
Baba alikuwa ng'ambo ya reli, mzinga begani,
kama vile hatukumzika.
Nikahesabu:
sita.

Sikukimbia. Nikavuka reli taratibu,
nikijua,
nikamsaidia kushusha mzinga.
Ulikuwa mzito, nyuki wakivuma ndani.