Kufuli Mbili

Sanduku letu la sadaka, hapa Kariobangi Kusini,
lilichongwa na fundi wa Gikomba kwa mbao za mvule,
nalo lina kufuli mbili.
Ufunguo mmoja ninao mimi, Asava, mweka hazina.
Wa pili anao Nzilani, shemasi,
muuza mitumba, mwanamke asiyecheka ovyo.

Niliichukia kufuli ile ya pili.
Kikao cha Machi nilisimama nikauliza:
Kumbe mnaniona mwizi?
Miaka kumi na mitatu nahesabu sarafu zenu
chini ya bati hili linalovuja,
leo mnanifunga kwa chuma cha shilingi mia tatu?

Mchungaji Gathuku hakupandisha sauti.
Alitusomea habari za mitume
walioona wajane wakisahauliwa mezani,
wakataka watu saba, wenye sifa njema,
wakawawekea mikono.
Kisha akafunika Maandiko, akasema:
"Asava, hatukufungi wewe.
Tunafunga mlango unaotazamana nawe."
Sikuelewa. Nilitia sahihi kumbukumbu za kikao
kwa kalamu iliyokwaruza karatasi.

Julai, baridi imekaza,
binti yangu Kageha akaamka anapumua
kama filimbi iliyopasuka.
Hospitalini walitaja elfu kumi na nane.
Mfukoni nilikuwa na mia nne na ishirini.

Saa saba usiku nikasimama mbele ya sanduku.
Mlinzi, Ekiru, alinifungulia lango bila swali,
kwa kuwa alinijua.
Huo ndio ubaya wa kujulikana.
Kufuli yangu ikaachia mara moja,
kama ulimi wa mtu anayekubali upesi.
Ya pili ikanikodolea.

Nikasema: naazima tu.
Nikasema: Jumapili nitarudisha, nani atajua?
Nikasema: Mungu anaona mtoto anaumwa.
Kila neno lilikuwa na nusu ya ukweli,
na nusu ya ukweli ndiyo hupendeza ikivaa suti.
Nikamkumbuka yule mmoja wa kumi na wawili
aliyeachiwa mfuko peke yake.
Hakuna aliyemkagua.
Hakuna aliyempenda kiasi cha kumkagua.

Nikaenda kwa Nzilani. Ghorofa ya nne, ngazi hazina taa.
Alitoka amejifunga leso, macho mekundu.
Nipe ufunguo, nikamwambia.
Akanitazama muda mrefu.
"Ufunguo sikupi. Ila ingia, keti.
Mtoto yuko wodi gani?"

Akapiga simu tatu.
Kabla ya saa kumi mashemasi walikuwa sebuleni,
mmoja na kandambili zisizolingana.
Wakafungua daftari la mfuko wa wahitaji,
wakaandika jina la Kageha, tarehe, kiasi.
Watatu wakatia sahihi.
Nami wa nne, kwa aibu na nafuu: mpokeaji.

Sisemi taratibu zinaokoa. Aokoaye ni mmoja.
Nayajua makanisa yenye katiba nene kama tofali,
ambamo upendo ulikufa zamani
ukahifadhiwa kwenye faili.
Nalijua pia lile la ng'ambo ya barabara,
nabii mmoja, akaunti moja, neno la mwisho moja.
Moto wake ulionekana hadi Umoja.
Leo pale wanauza matairi.
Hata moto huhitaji mafiga,
la sivyo chungu humwagika, na wenye njaa
hulala wakinusa majivu.

Jumapili tulikutana kuhesabu, Nzilani na mimi.
Akainama, akanyamaza.
Kufuli yangu ilikuwa inaning'inia wazi,
vile nilivyoiacha usiku ule.
Nikamweleza yote, hata zile nusu za ukweli.
Hakunihubiria. Alinisogezea daftari:
"Andika."

Nikaandika kwa mkono wangu, herufi kubwa,
ili wazee wasome bila miwani:
Kufuli ya mweka hazina ilikutwa wazi.
Ya pili ilishika.