Dari za Watu

Nazijua dari za watu kuliko nyuso zao.
Huilaza simu mezani, chali, kando ya kopo la sukari,
wakaanza kusema, nami nikabaki nimetazama juu:
mabati ya Mauche, tundu la msumari likimeta
kama nyota iliyokosea saa;
jipsamu ya Milimani, maua ya chokaa yasiyonyauka;
mbao za Bondeni ambako mvua imechora
ramani ya nchi isiyokuwapo.

Mimi niko Kiamunyi, nimeupa ukuta mgongo,
nyuma yangu shuka la kijani
nililolitundika mteja asizione nguo zangu kambani.
Saa nzima, shilingi elfu na mia mbili.
Bando ni lako, machozi ni yako,
kimya tunagawana.
Chuoni walituonya: mteja usimpe methali.
Methali ni mlango unaofungwa kwa heshima.

Jumanne, saa tatu usiku, ni zamu ya Bwana Masitsa.
Yeye hupigia bandani mwa kuku, huko Free Area,
kwa kuwa nyumbani kuta zina masikio
na mkewe ana zaidi.
Dari yake ni waya, na mara nyingine
ukucha wa jogoo unaokatiza kwenye kioo.
Miaka thelathini na mmoja akitengeneza injini Changamwe,
akija Krismasi, akija matanga, akirudi.
Sasa amestaafu. Amerudi jumla.
"Nikupe kisa kidogo tu, daktari,"
(mimi si daktari, nimechoka kumsahihisha)
"asubuhi ananiletea chai. Moto, ya maziwa, ina tangawizi.
Lakini kwa kikombe cha wageni.
Kile chenye ukingo wa dhahabu. Na kisahani."

Mtandao ukakwama hapo. Mdomo wake wazi,
kuku mmoja hewani, bawa nusu.
Nikangoja. Sauti ikarudi kabla ya uso:
"...unanisikia?"
Nakusikia, Bwana Masitsa.
"Nani hulalamikia kisahani?"

Sikuwa na jibu. Nilimuuliza tu
vikombe vyao vya kila siku hukaa wapi.
Akanyamaza kitambo, kuku wakimjibia.
Hajui, alisema. Hajui hata kabati ni lipi.

Wiki iliyofuata aliishika simu wima.
Nikauona uso wake mara ya kwanza: ndevu nyeupe, pengo la kando.
Alikuwa ameamka kabla ya mkewe, akapekua,
akapata kikombe cha bati kilichobanduka rangi mdomoni,
akakiweka karibu na birika, akarudi kuketi.
Na yeye?
"Akakitazama. Akanitazama. Akamimina.
Hakusema neno. Ila jana
amenigombeza juu ya viatu vyenye matope."
Akacheka hadi jogoo akaruka.

Nikazima simu. Nikaenda jikoni kumchemshia mama uji.
Ana miezi miwili kwangu, tangu tulipomzika baba Elburgon,
na begi lake liko kando ya kitanda, zipu imefungwa,
kama la mtu anayengojea kuitwa jina.
Nilimimina, nikainua sinia, ndipo nikakiona:
kikombe cha maua, cha rafu ya juu kabisa,
chenye kifuniko.

Nilisimama pale, mvuke usoni.
Kisha nikaumimina uji katika changu,
cha plastiki, cha bluu, kilichoumwa na jiko ubavuni.

Alikuwa amelala chali, macho wazi.
"Chelang'at, dari yako ina ufa."
Najua, mama.
"Tangu lini?"

Nikapanda kitandani na ndara zangu,
nikalala kando yake, uji ukipoa juu ya begi,
tukautazama.