Nyundo ya Nusu Kilo

Zege zima likigongwa hujibu ngo,
kwa kifupi, kama mtu aliyeitwa naye ana kazi.
Zege bovu husema bwoo,
sauti ya mtungi, sauti ya tumbo la saa tisa.
Hayo alinifundisha Mhandisi Tusajigwe
siku ya kwanza, chini ya daraja la Nachipungu,
mwendo mfupi toka njia panda ya Mnazi Mmoja,
maji ya Julai yakitufika vifundoni.

Mpango upo, ameubeba ndani ya bomba la plastiki:
njia panda itapanuliwa, itawekwa mzunguko,
malori ya korosho ya Masasi yasigongane pua
na mabasi ya Mtwara;
daraja litakarabatiwa, au litavunjwa.
Hiyo "au" ndiyo iliyotuleta na nyundo.

Mimi nagonga, yeye anaandika.
Nguzo ya kwanza: ngo. Ngo. Ngo.
Ya pili ina nyufa nyembamba kama unywele, lakini ngo.
Juu yetu lori linapita, vumbi linatudondokea shingoni,
na daraja zima linajikohoza
kama shahidi aliyesimama kusema, kisha akaghairi.

Nguzo ya tatu.
Bwoo.
Nikahamisha mkono, bwoo.
Nikashuka hadi kwenye maji, bwoo,
nikapanda hadi mkono ulipokoma, bwoo.
Mhandisi akaacha kuandika.
"Hii aliimwaga nani?"
Nikasema sijui.

Najua.

Mwaka themanini na nne, mwaka wa foleni ya sabuni,
saruji ilipotolewa kwa kibali
na kibali kwa kujuana,
baba yangu, Dismas Nandonde, alikuwa nyapara wa zege hapa.
Mwaka huohuo kijiji kizima kilikuja kutazama sakafu yetu.
Walivua viatu mlangoni.
Somoe Likwawa, jirani, aliilalia, akaiwekea shavu,
akasema ina baridi kama chungu cha maji.
Mimi nilijifunza kutambaa pale,
magoti yangu hayakuujua udongo.
Aliyeuliza mifuko ilitoka wapi alipewa chai yenye sukari,
na sukari, mwaka ule, ilikuwa jibu tosha.

Jioni nilirudi na nyundo nyumbani.
Baba kalala, macho yameingia ukungu,
masikio yangali mazima.
Nikapiga magoti katikati ya chumba, nikagonga.
Ngo.
Nikagonga kona. Ngo.
Miaka arobaini, na hakuna ufa wa kupitisha sisimizi.
Akauliza kutoka gizani: "Nguzo ya ngapi?"
Nikamwambia.
Kimya. Kisha:
"Mifuko kumi na miwili.
Tulijazia mawe na mchanga wa mto.
Walisema hili ni la muda, miaka mitano tu,
watakuja kujenga la maana."

Huku kusini kila kitu kilikuwa cha muda,
isipokuwa sakafu.

Asubuhi fomu ilikuwa juu ya boneti.
Nguzo: ya tatu. Hali: mbaya sana. Pendekezo: kuvunja.
Kisha mstari mmoja mfupi: Sababu.
"Andika umri," Mhandisi alisema bila kunitazama,
"wote huandika umri.
Umri hauna ndugu wa kuja kulalamika ofisini."
Basi la wanafunzi lilikuwa linavuka,
polepole mno, kama linalopita msibani.

Nikaandika: saruji pungufu.
Mkono ukaenda wenyewe mahali pa saini,
ukachora Nandonde
kwa herufi zilezile, N ya kwanza ikiinamia kushoto,
zilizochorwa kwa msumari, zege lingali bichi,
kwenye kona ya sakafu yetu, karibu na mlango.