Mvua Isiyo na Harufu

Nimekuja na mifuko kumi na miwili, koleo dogo,
kalamu ya wino usiofutika na aibu kidogo:
binti wa mkulima bora wa kata, mwaka ule wa baiskeli,
nimerudi Magu kuhesabu bakteria wa shamba la baba.

Baba anacheka. "Miaka minne chuoni,
halafu unakuja kuomba udongo?
Chota, ng'wanone. Niachie tu huu wa kwenye viatu."

Nachota kwenye pamba yake, shubiri moja kwenda chini.
Mistari imenyooka kama daftari la mtoto mwoga.
Hapa jani halijawahi kulala juu ya ardhi likaoza:
miti ya pamba huchomwa, magugu hung'olewa yangali machanga,
mbolea huja na mfuko, dawa huja na pampu mgongoni,
na pamba humfuata pamba
kama ndugu wanaorithishana shati moja,
tangu mimi niko darasa la pili.

Navuka njia ya ng'ombe kwenda kwa Nyanzobe,
ambaye shamba lake kijiji kizima hulionea haya.
Mtama umesimama katikati ya choroko.
Boga limetambaa hadi mlangoni.
Pembeni, ngitili aliyoiacha marehemu mumewe,
nyasi kiunoni, hazijaguswa tangu masika.
Samadi huimwaga kwa karai, bila kipimo.
"Mimi mvivu," ananiambia, wala hajitetei.

Nang'oa choroko moja. Mizizi imevaa shanga.
"Ugonjwa huo?"
Napasua shanga moja kwa ukucha:
ndani ni waridi, kama ufizi wa mtoto.
"Hapana, shangazi. Hao ni wapangaji.
Wanakula sukari ya mmea,
kodi wanalipa kwa mbolea wanayoitoa hewani."
Anaitazama mizizi muda mrefu.
"Na mimi nilikuwa nawaonea huruma."

Maabara yetu Mwanza imejibanza nyuma ya jabali.
Umeme ukikatika tunafungua madirisha,
ziwa linatuletea habari za dagaa.
Gramu moja kwenye maji. Napunguza, napunguza tena,
natandaza kwenye sahani, nasubiri siku tano.

Sahani ya Nyanzobe ni gulio:
wa njano ya kiini cha yai, wa zambarau, wa utelezi,
wengine weupe wa vumbi, kama chaki,
wamebanana, wanasukumana, kila mmoja na biashara yake.
Na hao ni wachache; wengi hawatoki nje kwa mgeni.

Sahani ya baba imejaa pia, sikatai.
Lakini sura ni ile ile, na ile ile.
Gwaride.
Nahesabu mara tatu. Nafuta miwani. Nahesabu ya nne.

Ripoti ina nafasi ya herufi tu: shamba A, shamba B.
Sikuandika kwamba A alinilipia ada.
Sikuandika kwamba pamba hiyo ndiyo iliyonunua miwani hii.

Novemba naenda kumwambia. Bahasha iko mkobani.
Kabla sijafungua kinywa, mvua ya kwanza inashuka
kutoka Ghuba ya Speke, inapiga, inapita.
Baba ananishika kiwiko, ananisimamisha kwenye njia ya ng'ombe.
"Elekeza pua kwa Nyanzobe."
Nasikia ile harufu,
ile ya utoto, ya chungu kipya kilichotiwa maji.
"Sasa geukia kwangu."

Nageuka.
Maji. Maji tu.

"Mwaka wa sita huu," anasema.
"Nilidhani ni pua, nimezeeka. Nikaenda zahanati.
Wakanipa matone."

Namjua anayeitengeneza harufu ile.
Ni yule wa chaki. Simtaji.

"Vijidudu vyako vimesemaje?"
"Kama pua yako, baba."

Anatikisa tope kwenye kiatu, hata lisilokuwepo.
Kisha, macho yakiwa ziwani, sauti chini:
"Kamuulize Nyanzobe kama amebakiza mbegu ya choroko.
Usimwambie ni ya nani."