Ukungu

Mfuko niliununua Kampala mwezi wa tatu,
nikaupakata hadi Bwera, safari ya siku nzima,
nikiuhamishia kivulini kila basi lilipokata kona.
Abiria walidhani ninalea.
Nililea: punje za chokoleti, kilo moja na nusu,
za keki ya harusi ya mdogo wangu Biira,
harusi iliyoahirishwa mara mbili
kwa ajili ya mbuzi wawili wa mahari
walio njiani tangu Pasaka.

Basi punje nazo zikangoja.

Friji ninayo, ila umeme wa hapa
huja kama mgeni mwenye haraka, hata chai hanywi.
Na hata ungekaa: chokoleti ikitolewa kwenye baridi
hutoka jasho, na jasho likikauka
huacha sukari imechakaa juu ya ngozi.
Nikatafuta kopo kubwa la biskuti,
nikalisugua, nikalianika, nikalinusa likiwa tupu.
Nikalisukuma chini ya kitanda, kwenye saruji,
mbali na jiko, mbali na dirisha,
mbali kabisa na vitunguu na samaki mkavu wa Kayanzi,
maana chokoleti ni mbeya:
ya kila nyumba inayabeba.

Jana nikafungua.
Nyeupe. Zote, kama zimelala jivuni.
Ithungu, binti yangu, akaruka nyuma:
"Mama, ukungu! Tupa!"

Neno hilohilo. Asubuhi alisimama mlangoni
akasema, "Mama, ukungu," wala hakuogopa,
Rwenzori yote imefutika mbele yetu,
na hakuna aliyesema tuitupe milima.

Nikamwambia akae.
Nikatwaa punje moja, nikaisugua kwa kidole gumba
taratibu, kama ninavyomfuta tongo.
Weupe ukayeyuka. Kahawia ikarudi, inang'aa.
Ni mafuta yake mwenyewe, mwanangu:
yalipanda juu kwa joto la mchana,
usiku yakaganda hukohuko, yakasahau njia ya kurudi.
Weupe ungekwaruza kama mchanga,
ningejua maji yaliingia, nami ningeona aibu,
ila hata hiyo haiui mtu.
Ukungu wenyewe una manyoya.
Una harufu ya ghala lililofungwa na mvua.

Kisha pua. Nilitafuta ule uchachu
wa mafuta ya taa ya zamani, ya sabuni. Haukuwepo.
Kisha sikio, maana baba, kule Bundibugyo,
hufumbata kakao kavu kiganjani na kuibana:
iliyokauka husema, mbichi hunyamaza.
Nikavunja punje karibu na shavu.
Ta.
Ndogo, kama ukucha unapokatwa.

(Baba aliionja chokoleti mara moja, Krismasi.
Akasema wameiharibu.)

Mwisho ulimi. "Fumba macho," nikamwambia Ithungu,
"usitafune." Akangoja.
Kwanza uso haukuwa na habari yoyote,
kisha nyusi zikapanda, moja kabla ya nyenzake.
"Ni nzima?"
"Bado sijui," akasema, mkono umeshanyooshwa.
Alichunguza mara saba, na kila mara
alikosa uhakika.

Mfuko unasema bado miezi mitano.
Tarehe iliandikwa na mtu asiyelijua
bati la paa langu saa nane mchana;
naiheshimu, siitegemei.
Ndani ya keki, kwenye moto, zitayeyuka zote,
na nani atauliza zilikuwa na sura gani?
Biira kwa sasa haoni kitu duniani
kisichokuwa na kwato.

Nikafuta mdomo wa kopo kwa kitambaa kikavu,
nikakaza kifuniko, nikapima kwa macho kilichobaki:
keki ya ngazi mbili.
Mbuzi wakichelewa hadi mwezi wa saba,
na Ithungu akiendelea kutokuwa na uhakika,
ngazi moja.